Oniksi ya kuwaka: kabla hujalipa, weka tochi nyuma yake

Juzi mama mmoja wa Forest hapa Mbeya kaniita dukani nimsaidie kuchagua slabu (bamba) ya oniksi, jiwe linalopitisha mwanga, ya kaunta ya sebuleni, anataka usiku iwake kwa ndani. Rangi ya asali, mishipa imetulia, kashaipenda. Nikamwambia mama subiri kidogo, nikawasha tochi ya simu nikaipitisha nyuma. Giza! Mwanga ulitokea sehemu ndogo tu kama kiganja. Kumbe mgongo wote umebandikwa wavu na gundi ya kijivu ili jiwe lisipasuke njiani. Ukutani kawaida haina neno, ila kwa kuweka taa hapo umeliwa, tafuta iliyoshikwa na gundi angavu au iliyobandikwa kwenye kioo.

Mimi naamini kazi kubwa iko nyuma ya jiwe. Kuna kaunta ya mapokezi niliwahi kufanya, nafasi ikawa finyu nikakubali mikanda ya LED ikae imegusana kabisa na jiwe, tulipowasha tukaona vidoti vya taa vimejipanga mstari mzima, iliniuma sana, nikabomoa nikarudia kwa hela yangu. Toka siku hiyo naacha nafasi ya sentimita 10 mpaka 15 kati ya taa na jiwe, katikati naweka shiti ya plastiki nyeupe kama maziwa isambaze mwanga, ndani ya kaunta napaka nyeupe, na kimlango cha kubadilishia taa sikosi kuweka maana LED ikifa utavunja jiwe? Taa nachukua ya 3000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), ile ya njano, kwa baridi yetu ya Juni na Julai chumba kinapata joto la macho.

Halafu jueni hili jiwe ni chokaa iliyotuama tabaka kwa tabaka kutoka kwenye maji, ndugu yake ni yale mawe yanayojengwa na maji moto kule Songwe. Kwa hiyo ni laini, ugumu wake ni 3 tu kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoishia 10, kisu kinalichora na ndimu ikidondoka inakula ung'avu pale pale. Jikoni siliweki. Na ni zito, slabu ya sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba, usithubutu kuibandika kwenye jipsamu, fremu ya chuma lazima.

Yule mama tulirudi naye jioni, tukaomba wazime taa za duka, slabu ya tatu ikawaka mpaka ukingoni. Akalipia hiyo.