“News” Haikutokana na Pande Nne za Dunia

Juzi tena mwanafunzi kaniambia, bila chembe ya wasiwasi, kwamba neno “news” ni herufi za kwanza za “north”, “east”, “west” na “south”, kwa kuwa habari hutoka pande zote za dunia. Nafundisha asili ya maneno ya Kiingereza, na kauli hii nimeisikia hadi nimechoka. Si kweli hata kidogo. “News” ni “new” iliyotiwa s ya wingi: mambo mapya, kama Wafaransa wanavyoziita habari “nouvelles”. Zamani liliandikwa pia “newes”. Hiyo e ya pili inasimamia upande gani wa dunia?

Ugonjwa ni uleule kwa “golf”, eti “gentlemen only, ladies forbidden”, wanaume tu, wanawake marufuku. Bunge la Uskoti liliupiga marufuku mchezo huu mwaka 1457, vijana wasije wakaacha mazoezi ya upinde, na sheria yenyewe inautaja kwa jina hilo. Enzi hizo hapakuwa na desturi ya kuunga herufi za mwanzo zikatamkwa kama neno. Desturi hiyo imeenea karne ya 20: “radar”, yaani “radio detection and ranging”, ni ya miaka ya 1940, na hata neno “acronym”, jina la maneno ya aina hiyo, lilianza kuzoeleka miaka hiyohiyo. Kwa hiyo ukiletewa akronimu ya kale, uliza kwanza: neno limeanza kuandikwa lini? Swali hilo nawataka wanafunzi wangu waliandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

“OK” ndiyo kifupisho kweli, na hiyo ndiyo watu wanaikataa! Gazeti la Boston liliichapa mwaka 1839, enzi za utani wa kukosea tahajia makusudi: “oll korrect” badala ya “all correct”. Haihusiani na “0 killed”, eti askari waliorudi vitani bila kufiwa na mwenzao.

“History” si “his story”, hadithi yake mwanamume. Ni “historia” ya Kigiriki, uchunguzi. “Woman” haikutokana na “womb”, tumbo la uzazi. Zamani ilikuwa “wifman”: “wif” mwanamke, “man” binadamu yeyote.

Halafu kuna wanaoshikilia kwamba maana ya kwanza ndiyo maana halisi. “Nice” ilianzia kwenye “nescius” ya Kilatini, asiyejua, ikapitia Kifaransa na kuingia Kiingereza ikimaanisha mpumbavu. Leo ukimwita mtu “nice” umemsifu, na mfasiri atakayeandika “mpumbavu” kwa kuegemea Kilatini atakuwa amekosea.