Caproni Ca.60: mabawa tisa, mkia hakuna

Kila ninapoanza somo la uzito na mizani ya ndege, huwaonyesha wanafunzi picha ya Caproni Ca.60. Wote hukimbilia kuhesabu mabawa. Huwaomba wayaache mabawa, wautafute mkia. Haupo.

Gianni Caproni, Mwitalia aliyejijengea jina kwa ndege za kudondosha mabomu katika Vita Kuu ya Kwanza, alitaka kuvusha abiria 100 Bahari ya Atlantiki kwa ndege moja. Alichukua mabawa ya ndege zake za vita, yaliyopandana matatu matatu, akafunga seti moja mbele, nyingine katikati, nyingine nyuma ya kiwiliwili chenye umbo la mashua. Akaweka injini 8 za Liberty kutoka Marekani, kila moja ya nguvu za farasi 400. Ikijaa, ilikuwa na uzito wa karibu tani 26. Abiria wangeketi ndani penye madirisha mapana; marubani walikaa wazi, wakipigwa na upepo.

Sasa turudi kwenye mkia. Katika ndege ya kawaida, pua ikiinuka kwa bahati mbaya, hewa huusukuma mkia juu na pua hurudi chini yenyewe. Kwenye Ca.60 kazi hiyo iliachiwa mabawa ya nyuma, ambayo pia yalitakiwa kubeba sehemu kubwa ya uzito. Rubani akitaka kupanda, mabawa ya mbele yaongeze nguvu ya kunyanyua, ya nyuma yapunguze. Kwa hesabu inawezekana. Tatizo ni kwamba bawa la nyuma huruka katika hewa iliyokwisha kusukumwa chini na bawa la mbele, na kiasi cha msukumo huo hubadilika kila pua inapobadili mwelekeo. Mhandisi wa 1921 hakuwa na njia nyepesi ya kulipima hilo kwa seti 3 zilizofuatana.

Tarehe 4 Machi 1921, katika Ziwa Maggiore nchini Italia, rubani Federico Semprini aliirusha ikiwa na farumi, yaani mzigo wa kuipa chombo uzito, sawa na uzito wa abiria 60. Iliinuka majini, ikapanda kidogo, kisha pua ikainama. Ikapiga maji na kuvunjika. Semprini alinusurika.

Wapo wanaosema farumi ilihama. Baharia yeyote anajua farumi ikihama chombo hulala, na mimi naliona hilo kuwa jambo la kuaminika. Lakini kwangu kosa lilianza mezani pa mchoraji: ndege ya abiria inayoangushwa na mzigo uliosogea haijawa ndege ya abiria, kwa sababu abiria husogea.

Vipande vichache, vikiwemo vielea viwili, vilihifadhiwa Trento, Italia, katika makumbusho yenye jina la Caproni. Darasani hufunga kwa swali hili: abiria 20 kati ya 100 wakiinuka pamoja kwenda mbele kutazama pwani ya Marekani, rubani afanye nini, na ana sekunde ngapi?