Polepole kufanya nini?

Nimeulizwa tena: "Fundi, hayo makompyuta ya kizamani si polepole sana?" Leo naliandika jibu, ili mwingine akiuliza nimtumie hapa.

Polepole kufanya nini? Video haichezi kabisa, hilo halina mjadala. Lakini kuandika? Chukua TRS-80 Model 100, kompyuta ndogo ya kubebeka iliyotengenezwa na Kyocera na kuuzwa na Radio Shack kuanzia 1983. Prosesa yake ni ya megahezi 2.4, na skrini ni mistari 8 ya herufi 40. Unasukuma swichi ya pembeni, menyu hiyo hapo. Hakuna cha kusubiri kwa kuwa hakuna cha kupakia: programu zimo kwenye ROM, kumbukumbu ya kudumu, na faili zako zinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi, hata ukizima, zikitunzwa na kibetri cha ndani. Haina feni wala diski, basi sauti ni ya vitufe tu. Betri nne za AA, kama zile za rimoti, zinaiendesha kwa saa 20 hivi.

Kinachoniudhi ni watu kuchanganya kasi ya kukokotoa na wepesi wa kuitika. Ni mambo mawili! Kwenye laptopu mpya, ukibonyeza herufi, kibodi inakagua vitufe kwa zamu, inapeleka taarifa kwa USB, mfumo endeshi unaipokea na kuikabidhi programu, programu inachora, mfumo unayakusanya madirisha yote kuwa picha moja, halafu picha inangoja zamu ya skrini. Kila kituo kinakula milisekunde zake. Kwenye Apple IIe, kompyuta ya mezani ya 1983, herufi inawekwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini, basi. Mwaka 2017 Dan Luu, mhandisi wa kompyuta, alizipima mashine nyingi, za zamani na mpya, na hiyo Apple IIe ikaonyesha herufi kwa milisekunde 30 hivi, ikiziacha nyuma laptopu zenye prosesa zilizoizidi nguvu maelfu ya mara. Vidole vinaihisi tofauti hiyo, hata kama mwenye vidole hajui aiiteje.

Ila nisiifanye Model 100 kuwa malaika. Skrini yake ya LCD ni nzito kubadilika, herufi zinaacha kivuli ukisogeza maandishi, na bila taa ya chumbani huoni kitu. Kwa hiyo huwa najiuliza kama utulivu ninaoupata pale unatokana na mashine yenyewe, au ni kwa sababu tu hakuna ujumbe unaochomoza pembeni. Nadhani ni yote mawili, ila sina namna ya kuyatenganisha.

Ukiipata moja, usiiwashe kwanza. Ifungue. Kile kibetri cha ndani ni cha nikeli na kadimiamu, na kikizeeka kinavuja na kula njia za shaba kwenye bodi. Ukiona ukijani, kitoe, pitisha siki kidogo mahali palipoliwa, kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Kuhusu kapasita, vile vijisehemu vya bodi vinavyotunza chaji ya umeme, wapo mafundi wanaozing'oa zote bila kuuliza. Mimi nazipima kwanza, na nyingine nazikuta nzima kabisa. Hizo naziacha, ingawa siwezi kukuhakikishia zitadumu hadi lini.