Kumtambua Mwajiri wa Uingereza Anayeweza Kukudhamini

Wengi wanaofika ofisini mwangu hapa Nairobi wakitafuta mwajiri wa kuwadhamini Uingereza huja na tangazo walilotumiwa kwa WhatsApp, ilhali orodha ya waajiri wenye leseni ya udhamini hutolewa bure na serikali ya nchi hiyo katika tovuti ya GOV.UK, nayo husasishwa mara kwa mara. Kampuni isiyokuwamo haiwezi kumpa mtu cheti cha udhamini, na bila cheti hicho ombi la viza ya mfanyakazi stadi halina pa kuanzia.

Kuliona jina orodhani hakutoshi. Mbele ya kila jina utakuta mji, kaunti, aina ya leseni pamoja na daraja lake, kisha njia ya viza ambayo mwajiri ameruhusiwa kuitumia, na safu hii ya mwisho ndiyo ambayo wengi huiruka. Kampuni iliyoruhusiwa tu kuwahamisha wafanyakazi wake yenyewe kutoka matawi ya ng'ambo haiwezi kumchukua mhandisi wa Nairobi ambaye haijawahi kumwajiri, hata barua yake iwe na mihuri mingapi. Daraja nalo lina uzito wake: mwenye A hutoa vyeti vipya, lakini aliyeshushwa hadi B huzuiwa kudhamini watu wapya mpaka arekebishe kasoro zake.

Leseni haimaanishi kwamba kuna kazi. Nafasi zitafute katika tovuti ya kampuni yenyewe, kisha utazame mshahara. Tangu tarehe 22 Julai 2025 kiwango cha chini cha kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa wauguzi wana viwango vyao. Siku hiyo hiyo uajiri wa walezi wa wazee kutoka ng'ambo ulisitishwa, kwa hiyo tangazo la kazi hiyo linalozungushwa leo mimi silimalizi kulisoma.

Ada ya viza na ya huduma za afya waweza kuilipa mwenyewe, lakini tangu 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi stadi gharama ya cheti. Ukipitia kwa wakala, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na umwombe jina la mwajiri kama lilivyoandikwa orodhani. Akikwambia kwamba hiyo ni siri ya biashara, chukua pasipoti yako uondoke.