Kwa nini simu iliyotoka mtandao wa Marekani haipati apdeti

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea simu mbili hapa dukani Kariakoo, akazilaza mezani ubavu kwa ubavu. Moja yake, nyingine ya mdogo wake. Rangi moja, ukubwa mmoja, jina moja.

"Mwanangu, hizi ni pacha," akaniambia. "Ya mdogo wangu imepata apdeti mara tatu tangu Ramadhani. Yangu kila nikibonyeza inasema haina jipya. Na sasa benki imeanza kunigomea."

Kweli, app ya benki ilikuwa imeandika kwamba toleo la Android kwenye simu yake limepitwa na wakati. Niliizima simu, nikaiwasha tena, nikamwomba atazame kioo. Kabla ya kitu kingine chochote ikatokea nembo ya kampuni moja ya mtandao ya Marekani. Ya mdogo wake ilipowaka ilionyesha jina la kiwanda tu. Nikamwambia, "Mama, jibu ndilo hilo, ila linahitaji maelezo." Tuliongea karibu nusu saa. Kazi hii ya programu za simu naifanya mwaka wa kumi na mbili sasa, na swali lake naulizwa karibu kila wiki, kwa hiyo naliandikia hapa.

Kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wengi wa simu mtumba huyachanganya, na wauzaji hawawasaidii kuyatenganisha. La kwanza ni laini. Simu inayouzwa Marekani na kampuni ya mtandao, mara nyingi kwa malipo ya kila mwezi, hufungwa isikubali laini ya mtandao mwingine. Ikishafunguliwa, ukiweka Vodacom au Airtel inashika. Hapo muuzaji anakwambia "iko anloki", na hasemi uongo. La pili ni programu yenyewe iliyomo ndani, na hiyo haiguswi na kufunguliwa kwa laini. Inabaki ileile iliyoandaliwa kwa ajili ya mtandao ule, na inapotafuta sasisho, yaani apdeti, inapanga foleni ya mtandao ule. Simu inaweza kukaa Mbagala miaka mitatu, ikala bando la hapa kila siku, na bado ruhusa yake ya kusasishwa iko mikononi mwa kampuni ya ng'ambo ya bahari ambayo mwenye simu hajawahi kuilipa hata senti.

Foleni hiyo ni ndefu kiasi gani? Google huandika Android na viraka vyake vya usalama. Mtengenezaji wa chipu, kama Qualcomm au MediaTek, hurekebisha sehemu zinazozungumza na chipu yake. Kiwanda cha simu huchukua hayo yote, huongeza muonekano wake, kamera yake na programu zake, kisha hujaribu. Kwa simu isiyo na chapa ya mtandao, safari karibu inaishia hapo na sasisho linashuka. Kwa simu yenye chapa ya mtandao, kazi nzima hupelekwa kwa kampuni ya mtandao, nayo huanza majaribio yake upya. Ikikuta kasoro, inarudisha kiwandani, kiwanda kinatengeneza, kinaleta tena, majaribio yanaanza mwanzo. Na kila mtandao una toleo lake, kwa hiyo simu moja inayouzwa na mitandao minne inapita mageti manne kwa tarehe nne tofauti.

Siwabezi wahandisi wa mitandao. Simu inayoshindwa kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, baada ya sasisho ni hatari kwa maisha ya mtu. Tangu mitandao mikubwa ya Marekani ilipozima 3G mwaka 2022, simu za sauti kule zinapita kwenye 4G na 5G, na hapo kosa dogo kwenye programu ya modemu, sehemu ya simu inayoshika mtandao, linaweza kumwacha mteja bila sauti kabisa. Majaribio yana sababu. Ninachokipinga, na nitaendelea kukipinga, ni kiraka cha usalama kusubiri foleni moja na app za mtandao zilizobandikwa na nembo ya kuwashia. Kiraka kinaziba tundu ambalo wezi wameshalijua, kwa sababu Google hulitangaza hadharani kila mwezi. Kila siku ya kusubiri, mwizi ana ramani mkononi na mwenye nyumba hana kufuli.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Galaxy Nexus, kwa sababu hiyo ilikuwa simu ya Google yenyewe, iliyotengenezwa na Samsung, na watu waliinunua wakiamini kwamba sasisho litatoka kwa Google moja kwa moja. Toleo la kimataifa liliuzwa Uingereza Novemba 2011. La Verizon, mmoja wa mitandao mikubwa ya Marekani, lilitoka kule Desemba mwaka huohuo. Android 4.1 ilipotoka, wenye toleo la kimataifa waliipata Julai 2012. Wa Verizon walisubiri hadi Septemba. Android 4.2 iliwafikia wenzao Novemba 2012, wao wakaipata Machi 2013. Jina moja mgongoni, miezi minne kati yao.

Sababu yake ilikuwa na mzizi wa kiufundi. Verizon wakati ule ilitumia CDMA, teknolojia ya mtandao tofauti na GSM ya kwetu, na kwenye simu za namna hiyo sehemu ya msingi ya kupiga na kupokea ilikuwa ndani ya programu zilizotolewa na mtandao zikiwa zimeshafungwa, na ili zifanye kazi zilihitaji saini maalumu inayolingana na mfumo mzima. Februari 2012 Google ililieleza hilo waziwazi, ikaacha kuzihesabu simu za CDMA kama vifaa vyake kamili vya kuendelezea Android. Yaani hata mwenye Android alikubali kwamba kwenye simu hiyo ufunguo mmoja hauko mfukoni mwake.

Mwaka 2015 ndipo jambo hili lilipoacha kuwa malalamiko ya wapenda simu. Julai mwaka huo mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alitangaza udhaifu uliopewa jina la Stagefright, ndani ya sehemu ya Android inayosoma video na sauti. Ujumbe wa picha, ule wa MMS, ulitosha kuingiza msimbo wa mshambuliaji kwenye simu, hata kabla mwenye simu hajaufungua. Zimperium ilikadiria simu zilizo hatarini kuwa milioni 950. Agosti Google ikaanza kutoa viraka kila mwezi, na ndiyo asili ya ile tarehe ya kiraka cha usalama unayoiona leo kwenye mipangilio. Lakini kutoa ni jambo moja, kufika ni lingine. Mei 2016 mamlaka mbili za serikali ya Marekani, FCC ya mawasiliano na FTC ya kulinda walaji, ziliandika barua: FCC ikaiuliza mitandao, FTC ikawaagiza viwanda vinane, wote waeleze viraka vinafikaje kwa wateja na vinachelewa wapi. Kabla ya hapo, Aprili 2013, shirika la haki za raia la ACLU lilikuwa limeshapeleka malalamiko FTC dhidi ya mitandao minne mikubwa kwa sababu hiyohiyo.

Na wala si lazima iwe hivyo. iPhone ilipoanza kuuzwa mwaka 2007 kwa AT&T, Apple ilibaki na mamlaka ya mfumo wake. Mtandao uliachiwa faili dogo la mipangilio yake, linalosasishwa peke yake. Mahitaji ya mtandao yakatenganishwa na mfumo, na kwa kawaida mteja wa mtandao wowote akapata sasisho siku moja na mwenzake. Google nayo ilipowapa Verizon simu ya Pixel mwaka 2016, Verizon ilibidi iwatoe wateja wasiwasi kwamba masasisho yatatoka sambamba na ya Google. Ikiwezekana kwa Pixel, ilikuwa inawezekana kwa nyingine.

Android yenyewe imepunguza tatizo kwa njia ya kuzunguka. Android 8, mwaka 2017, ilitenganisha sehemu za chipu na mfumo wa juu ili kiwanda kisianze upya kila mara. Hiyo ilifupisha foleni upande wa kiwanda, geti la mtandao likabaki palepale. Hatua iliyonifurahisha ni ya Android 10, mwaka 2019: vipande fulani vya mfumo sasa vinasasishwa na Google moja kwa moja kupitia Google Play, bila kiwanda wala mtandao kuulizwa. Miongoni mwa vipande vya kwanza kuchaguliwa ni vya kusoma video na sauti, eneo lilelile la Stagefright. Kwa hiyo kama simu yako ilitoka kiwandani na Android 10 au zaidi, nenda sehemu ya usalama kwenye mipangilio, utafute sasisho la mfumo wa Google Play, ubonyeze. Linaweza kushuka hata kama lile kubwa limegoma. Haliponyi kila kitu, maana tundu la modemu au la kiini cha mfumo bado linasubiri njia ya zamani.

Sasa wewe uliyesimama Mtaa wa Aggrey hapa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi na pesa mkononi. Usianze na kamera. Omba simu izimwe na kuwashwa mbele yako, uangalie nembo. Kisha ingia Kuhusu simu, usome tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa nyuma kwa mwaka mzima na muuzaji anasema "ukiweka bando itashuka", mwambie aweke yeye, msubiri pamoja. Kuna mitandao ambayo seva yake haitoi kitu mpaka ione laini yake ndani ya simu, na laini hiyo huipati hapa.

Kwa Samsung unaweza kusoma zaidi. Kwenye maelezo ya programu kuna mstari wa mtoa huduma wenye herufi tatutatu: VZW ni Verizon, ATT inajieleza, TMB ni T-Mobile, XAA ni toleo la Marekani lisilo na mtandao. SKC, KTC na LUC ni mitandao mitatu ya Korea Kusini. Namba ya modeli nayo inasema: kwa Galaxy S9, kwa mfano, SM-G960F ni ya kimataifa, G960N ya Korea, G960U ya mitandao ya Marekani, G960U1 ya Marekani isiyo na mtandao. Soma namba hiyo ndani ya mipangilio, usiamini mfuniko wa nyuma, maana mifuniko hubadilishwa.

Herufi hizo ndizo zinazoamua pia kama simu inaweza kuponywa. U na U1 ni mwili mmoja, hivyo programu ya U1 inaingia kwenye U bila kuvunja kitu. F ni mwili mwingine kabisa: S9 ya F ina chipu ya Exynos, ya U ina Snapdragon, na fundi anayekuahidi kuigeuza U kuwa F hajui anachokishika. Tena kuna ulinzi wa kutorudi nyuma. Hesabu herufi tano kutoka mwisho wa namba ya programu: ile ya tano ni toleo la lango la kuwashia (bootloader), ile programu ndogo inayoanza kuamka simu ikiwashwa, na simu haikubali programu yenye toleo la chini ya hilo. Nimeona simu nzuri zikigandishwa na mtu asiyehesabu herufi moja. Na kuflashi, yaani kuiwekea simu programu upya, kunafuta kila kitu. Picha, WhatsApp, namba zisizohifadhiwa kwenye akaunti, vyote vitolewe kwanza.

Mtu akiniuliza anunue nini, namwambia simu isiyo na chapa ya mtandao, hata ikizidi bei kidogo. Kwa modeli mpya zilizoingia soko la Umoja wa Ulaya, kuanzia 20 Juni 2025 sheria ya kule inadai masasisho kwa angalau miaka 5 tangu modeli ikome kuingizwa sokoni, na viraka vya usalama visichelewe zaidi ya miezi 4 baada ya msimbo wake kutolewa hadharani. Simu hizo zitaanza kutufikia kama mtumba miaka inayokuja, na nitazipokea kwa mikono miwili.

Yule mama simu yake ilikuwa ya kuponyeka. Tulihamisha picha za wajukuu kwanza, akazikagua moja moja hadi aliporidhika, kisha nikaiwekea programu ya kiwanda isiyo na mtandao. Ilipowaka, nembo haikuwepo. Masasisho manne yakashuka yakifuatana hadi saa kumi jioni, tarehe ya kiraka ikasogea mbele miezi kumi na tisa, na app ya benki ikamfungulia. Akaniuliza itaendelea kupokea mpaka lini. Nikatafuta tarehe ambayo kiwanda kimetangaza kwa modeli yake, nikamwambia ni mwakani. Akaomba kalamu, akaiandika nyuma ya risiti, akaikunja ndani ya kava la simu.