"Mchungaji, leo siwezi kuomba"

Maneno hayo nimeyasikia wodini kuliko kanisani. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuzunguka kwa wagonjwa na ndugu zao katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Jioni moja, saa ya kuona wagonjwa, watu wakipishana na hotipoti za uji, mama mmoja anayeuza samaki katika soko la Feri alinivuta pembeni. Mwanawe alikuwa chumba cha mahututi, siku ya tisa.

"Mchungaji, usiniambie niombe. Nikifumba macho namgombeza Mungu tu."

"Mama, hiyo ndiyo sala yenyewe. Endelea."

Alinitazama kana kwamba nimetukana.

Sikumshangaa. Katika jiji hili mtu akipatwa na jambo hufundishwa kuomba kwa sauti ya ushindi: akemee, akiri, atangaze kwamba limekwisha. Ijumaa usiku, kuanzia Mbagala hadi Kimara, spika za mikesha hupokezana. Sina ugomvi na mikesha. Nimekesha mingi, na chai ya alfajiri yake haina mfano. Ugomvi wangu unaanza pale anayelia anapoambiwa machozi yake ni upungufu wa imani.

Fungua Zaburi uone. Zipo 150, na tangu Mjerumani Hermann Gunkel alipozipanga kwa aina zake mwanzoni mwa karne ya 20, wasomi wengi wanakubaliana kwamba kundi kubwa kuliko yote ni la maombolezo. Chukua ya 13, yenye mistari sita tu. Katika miwili ya kwanza mwombaji anauliza "hata lini" mara nne. Kisha anaomba, na mstari wa tano unageuka ghafla: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Wahubiri tunaupenda huo wa tano, tunaurukia. Lakini kati ya wa nne na wa tano zilipita siku ngapi? Biblia haisemi. Huenda ulikuwa usiku mmoja, huenda miezi.

Halafu kuna ya 88, ambayo mimi na baadhi ya wauguzi tunaiita "nane nane" kama sikukuu ya wakulima. Hiyo haigeuki kabisa. Inaanza na kilio na kuishia gizani, na giza ndilo neno lake la mwisho. Wakatoliki wanaoifuata sala ya Kanisa huisali Ijumaa usiku kabla ya kulala, saa ileile ambayo mitaani kwetu spika zinawashwa. Waliozikusanya Zaburi wangeweza kuiacha hiyo nje. Hawakuiacha.

Kama tunavyourukia ule mstari wa tano, msibani tunafanya vivyo hivyo kwa Ayubu. Chini ya turubai lazima atokee mtu wa kusema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", na wote tunaitikia. Hiyo ni sura ya 1. Kitabu kina sura 42, na katika ya 3 Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Marafiki zake waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, kama tunavyoketi mkekani, na hapo walifanya vizuri kweli. Waliharibu walipofungua midomo kumfafanulia Mungu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Yule mlalamikaji!

Maana alilalamika kwa nani? Kwa Mungu mwenyewe. Kumsengenya mtu ni kumsema akiwa hayupo. Kumlalamikia ni kumwendea nyumbani kwake ukabisha hodi. Hata Yesu msalabani alisali kwa maneno ya Zaburi ya 22, "mbona umeniacha?", na Gethsemane alirudia ombi lilelile mara tatu. Kwa hiyo ukiishiwa maneno, rudia uliyonayo. Ukikosa hata hayo, Paulo anawaambia Warumi kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Na ule, ulale. Eliya alipoomba afe, chini ya mretemu, malaika hakumkemea wala kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Ndiyo maana nikimkuta ndugu wa mgonjwa hajala tangu jana, tunaanzia kantini. Na dawa ya daktari haiachwi kwa sababu umeombewa. Hilo sibishani na mtu.

Haya nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wodini niliomba kwa sauti kubwa kando ya kitanda cha bibi mmoja, sala ndefu, jasho likinitoka. Nilipomaliza akanishika mkono: "Mwanangu, ungekaa tu."

Kwa yule mama wa Feri basi nilikaa. Benchi la korido, bila mahubiri. Baadaye nikamsomea ya 13, akanisimamisha kwenye "hata lini" ya tatu, akalia, akaniambia nirudie hapohapo. Nilirudia. Mstari wa tano hatukuufikia siku hiyo.

Kesho yake alfajiri alinipigia simu kabla hajaenda mnadani. Nikadhani ni habari mbaya.

"Hapana, Mchungaji, bado yuko vilevile. Nataka uniambie ile ya giza ni ya ngapi."

"Nane nane, mama."

"Haya. Nitaisoma kwenye daladala."