Kabla hujachuma jani la protea: vibali vya utafiti wa jenomu za fynbos

Tangu Mfuko wa Cali, mfuko wa kimataifa wa kugawana manufaa ya data za vinasaba, ulipozinduliwa Roma Februari 2025, tunaulizwa sana na wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko Cape Town na Stellenbosch: ikiwa mifuatano ya vinasaba vya mimea ya fynbos (uoto wa vichaka wa Rasi ya Afrika Kusini, makazi ya protea) imewekwa wazi mtandaoni, kibali ni cha nini tena?

Kibali ni cha jani. Data ina mjadala wake, na Mfuko wa Cali ndiko unakohusika: kampuni zinazofaidika na data hizo zinatarajiwa kuchangia. Jani lina sheria. Ukiwa jimbo la Western Cape, pata kwanza ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi, kisha kibali cha CapeNature, mamlaka ya uhifadhi ya jimbo hilo, iwapo mmea unalindwa. Kama lengo ni kutafuta bidhaa ya kuuza, Waziri wa Mazingira ajulishwe kabla ya ugunduzi kuanza. Ukifikia hatua ya biashara, unahitaji kibali kingine, chenye mkataba wa kugawana manufaa na mkataba wa kuhamisha sampuli. Kutoa sampuli nje ya nchi ni kibali tofauti kabisa, hata kama ni jani kavu ndani ya bahasha. Sheria ya Bayoanuwai ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 inatoza faini isiyozidi randi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. “Sikujua” si utetezi.

Hata mwenye vibali vyote huweza kuharibu kazi. Protea zina tanini nyingi, na jani lililoshinda ndani ya gari kwenye mfuko wa plastiki halitoi nyuzi ndefu za vinasaba (DNA). Chuma majani machanga, yagandishe papo hapo kwa nitrojeni kimiminika, na tawi la mmea huohuo lihifadhiwe hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Bila tawi hilo, jina la mmea linabaki dai lako tu.

Na tafadhali, kusoma jenomu, yaani seti nzima ya vinasaba vya mmea, si kubadili mmea. Jenomu ya protea mfalme, yenye herufi za DNA takriban bilioni 1.2, ilichapishwa 2023 na hakuna kilichopandikizwa. Linalotuvutia ni namna mizizi yake ya vishada inavyonyonya fosforasi kwenye udongo maskini. Tunaeleza haya kila mwaka.

Hofu ya wananchi kuhusu manufaa, hata hivyo, ina msingi. Kwa rooibos, mmea wa chai wa Afrika Kusini, Wakhoi na Wasan, wenyeji wa asili wa huko, walisubiri hadi 2019 kupata makubaliano ya asilimia 1.5 ya bei ya shambani, kwa kuwa maarifa ya mmea huo ni yao. Anayedhani maarifa hayo hayana mwenyewe asome makubaliano hayo kabla ya kutuandikia.

Wanaotaka kulinganisha na protea za Kilimanjaro wakumbuke kuwa kibali cha Afrika Kusini hakivuki mpaka. Tanzania utahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na ndani ya hifadhi ruhusa ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) pia. Popote ulipo, barua ya mwenye ardhi ianze. Ndiyo huchelewa kuliko zote.